Debe Lililomeza Sauti ya Hooyo

Leo asubuhi nimekasirika, na hasira ya mtu wa umri wangu haipoi haraka kama chai. Wenzangu mliofikisha miaka ya kuitwa nyanya na ayeeyo mnanielewa. Mtu umekaa kwenye mkeka wako hapa mtaani Galbet, unatafutia magoti jua kidogo kabla halijageuka moto wa jehanamu, mara inakufikia harufu ambayo ulidhani uliiacha nyikani ukiwa bado na meno ya maziwa. Haikuombi ruhusa. Inaingia puani, inashuka kooni, inakwaruza. Halafu ngozi ya uso inaanza kuwasha kama umelalia upupu.

Ilikuwa ikitoka chooni. Mjukuu wangu Hodan alikuwa anasafisha, maana wageni wanakuja kesho. Alikuwa amemwaga asidi ya choo, akaona madoa yamekaa tu yanamtazama, basi akaongeza juu yake yale maji ya kung'arisha nguo nyeupe. Na mlango ameufunga! Eti mbuzi wasiingie. Nikapiga ukelele, akatoka, macho mekundu, anakohoa kama mzee wa ugoro. Nikamuuliza, "Mtoto, hukusikia harufu?"

Akanijibu huku anapangusa machozi kwa shuka, "Nimesikia, Ayeeyo. Lakini harufu ikiwa kali ndio ujue inafanya kazi."

Wallahi, kama maneno yangekuwa na shingo, hayo ningeyanyonga. Maana niliyasikia kabla mama yake hajazaliwa. Niliyasikia maneno hayo hayo, kwa lugha nyingine, nikiwa mtoto wa kuchunga wana-mbuzi, na yalitugharimu kitu ambacho hakikurudi. Na kila mahali naendelea kuyasikia. Juzi bibi arusi wa jirani amepakwa piko mikononi, ile hina nyeusi inayochanganywa na rangi ya nywele, vidole vikavimba kama ndizi, pua inamtiririka, na mpakaji amekaa pale anamwambia, "Vumilia, ikiwasha ndio inashika." Inashika nini? Lakini tuwache bibi arusi, ana mume sasa wa kumsikiliza. Nirudi nyikani.

Tulikuwa tukiishi upande wa Modogashe, si mjini kwenyewe, ni mwendo wa kutosha kuchosha punda. Tulikuwa na mbuzi wengi, ngamia wachache wa aabo, yaani baba, na jina moja zuri, nalo lilikuwa la hooyo, mama yangu. Jina hilo lilikuwa maziwa yake. Wenye malori pale njia panda walikuwa wakiuliza, "Ya yule mama mrefu yamekuja?" Kama hayajaja, wengine walikunywa chai bila maziwa.

Siri haikuwa siri, kila mwanamke wa kwetu anaijua. Chombo chetu cha maziwa ni haan, kinasukwa kwa nyuzi za mizizi mpaka kinashika maziwa kama mtungi. Hakioshwi kwa sabuni. Kinafukizwa. Unachukua kijiti cha mti wenye moshi mtamu, unakiwasha, kikishakuwa kaa jekundu unakitumbukiza ndani, unafunga, unatikisa. Moshi unaua ule uchachu, maziwa yanakaa mpaka kesho bila kuharibika, na yana ladha ambayo watu wa friji hawataijua mpaka wafe. Sasa, mwanamke anajuaje kwamba chombo kimeiva? Anafungua mfuniko, anaingiza uso wake mdomoni mwa haan, anavuta pumzi ndefu mpaka tumboni. Hooyo alikuwa akifanya hivyo macho yamefumbwa, kama mtu anayemnusa mtoto mchanga. Nikisikia neno "mama", picha inayonijia ni hiyo: shingo ndefu imeinama, uso umezama kwenye moshi.

Kitu chake kingine kilikuwa sauti. Si ya kuongea, maana hakuwa mwongeaji. Maongezi yote ya boma letu yalikuwa yamechukuliwa na eddo, shangazi yangu Dahabo, dada ya baba, mjane aliyekaa nasi na ambaye Mungu alimpa ulimi wa watu watatu. Hooyo alikuwa na mwito wa mbuzi. Jioni alisimama kwenye kichuguu nje ya uzio wa miiba, anaanza chini kooni kama mtu anayeguna, kisha anaipandisha, anaivunja katikati kwa ulimi, na inaondoka kwenda zake. Sikujua inaishia wapi. Ninachojua ni kwamba mbuzi waliinua vichwa hata wakiwa ng'ambo ya lile bonde kavu, wakaja. Aabo akiita, walimtazama kama watu wanavyomtazama mtu anayeuza kitu wasichokitaka.

Ikaja miezi ya kupe na upele. Mbuzi wakaanza kujikuna kwenye miti mpaka wanabaki ngozi tupu. Serikali ikamtuma bwana mifugo, mtu wa kutoka bara. Wakati huo sisi tulisema "ametoka Kenya," kana kwamba sisi tulikuwa nchi nyingine, na tukitazama barabara tuliyopewa labda hatukukosea sana. Aliitwa Mutiso. Mtu mwema, mwenye kofia, anayetokwa na jasho kama mtungi mpya. Alikuja na gari, pampu ya kubeba mgongoni, na madebe ya dawa. Akanyunyizia mbuzi kutwa nzima, pua na mdomo amefunga kitambaa, mikono imo ndani ya mifuko ya raba. Sisi watoto tulicheka. Tulidhani anaona haya kushika mbuzi wa watu wengine.

Alipomaliza, akamwita aabo, akamwonyesha debe moja lililobaki tupu.

"Mzee, hili debe lizikwe. Umesikia?"

"Ndio," aabo akasema.

"Usiweke maji. Usiweke chakula. Hata ukiosha, bado ni sumu."

"Ndio."

"Narudia, mzee. Chimba shimo, zika."

"Ndio, ndio. Karibu chai."

Sasa mjue kwamba aabo alikuwa na Kiswahili cha maneno matatu, na mmeshayasikia yote. Gari lilipoondoka eddo akamuuliza, "Yule amesema nini na kidole chake kile?" Aabo akalitazama debe, lile bati jipya linalong'aa, lenye mfuniko wa kukaza usiovuja hata tone. Akasema, "Amesema ni letu."

Baba yangu hakuwa mwongo. Alikuwa mtu mwenye adabu, na kwetu ukimwambia mgeni "sikuelewi" ni kama umemwambia ameongea upuuzi. Kwa hiyo akakisia. Akakisia kwa ukarimu. Ndio hapo ninaposhika kichwa hadi leo. Adabu! Watu wangapi wamezikwa na adabu!

Utasema, je, hakukuwa na alama kwenye debe? Ilikuwepo. Fuvu jeupe na mifupa miwili imekingamana. Lakini fikirini, ninyi mliokulia huko kama mimi. Baada ya kiangazi mifupa ilikuwa kila mahali. Tulikalia mafuvu ya ngamia kama viti. Watoto tulicheza na mbavu za ng'ombe. Nani kwetu angeogopa mfupa? Eddo alilitazama lile fuvu akasema, "Hii ni dawa ya mifugo, wameweka mfugo," na mambo yakaishia hapo.

Debe lingelala tu nyuma ya nyumba, lakini ile haan kubwa ya hooyo, ya kupelekea maziwa njia panda, ilikuwa imepasuka. Punda aliilalia. Maziwa yalikuwa yakimwagika njiani na yanayofika yana mchanga. Kusuka haan mpya ni kazi ya msimu mzima. Ndipo eddo akaleta debe, ameliinua kichwani kama mtu aliyeshinda mashindano. "Mke wa ndugu yangu, tazama! Halivuji, halipasuki, punda alilalie mpaka achoke."

Hooyo alilisugua kwa mchanga. Akalisugua kwa majivu. Akalisuza kwa maji, na maji ya kwetu mnajua yanavyopatikana. Harufu ikabaki. Harufu ya ajabu, si ya kuoza wala ya kuungua, kama ya mafuta ya taa yaliyotiwa pilipili. Mikono yake ikaanza kuwasha, akaipaka samli. Kisha akafanya kile ambacho mwanamke yeyote wa kwetu angefanya na chombo chenye harufu. Akawasha kijiti.

Nilikuwa nimechuchumaa karibu naye, nimemshika kitoto cha mbuzi masikio. Akatumbukiza kaa, akakaza mfuniko, akatikisa. Bati likalia. Moshi ukajipenyeza pembeni mwa mfuniko, na haukuwa wa buluu kama siku zote. Ulikuwa mzito, wa rangi ya usaha. Hooyo akasita.

"Dahabo, moshi huu siupendi."

"Ukiwa mkali ndio unafanya kazi," eddo akasema. "Tikisa!"

Hayo! Hayo ndiyo maneno! Mnaona kwa nini nilitaka kumchapa Hodan na yeye hana kosa?

Akatikisa. Akafungua. Na kama alivyofunzwa na mama yake, na mama yake na mama yake, akafumba macho, akaingiza uso, akavuta pumzi ndefu mpaka tumboni.

Sikusikia kelele. Ningependa kusema alipiga kelele, lakini hakupiga. Alirudi nyuma, akakaa chini kwa kishindo, mikono kwenye shingo, mdomo wazi, na kutoka kwenye ule mdomo ikatoka filimbi nyembamba, kama upepo kwenye tundu la hema. Mimi mwenyewe kifua kilibana, nikatapika juu ya mbuzi. Eddo, ambaye kwa ujasiri sitamdharau, alirukia debe akalibamiza mfuniko. "Kuna jini humu! Lisitoke lote!" Akalibeba mpaka nje ya uzio, akaliacha huko juani.

Walimmiminia hooyo maziwa machoni. Wakampaka samli usoni. Uso ukavimba, ukawa mwekundu, kisha mweusi, kisha ukaanza kubambuka vipande kama gome. Alilala ameegemea mzigo wa mikeka maana akilala chali hapumui. Na eddo, kwa mapenzi yake yote, akaleta chetezo. Uunsi! Ubani wetu, ule mzito wenye sukari na mafuta. Mtu kifua kimeungua kwa moshi, anafukizwa moshi! Hooyo alikuwa akisukuma chetezo kwa mguu, eddo anakirudisha.

"Mnaona jini lilivyo kaidi? Linasukuma!"

"Dahabo, labda hataki," aabo alisema.

"Yeye anataka. Jini ndilo halitaki."

Nikikumbuka natamani kurudi nyuma nikimwage kile chetezo mwenyewe. Mwishowe alikimwaga hooyo. Alikipiga teke kikapinduka, mkeka ukashika moto, na katika heka heka za kuzima, mikeka ya pande zote za nyumba ikafunguliwa, upepo ukapita. Siku hiyo ndiyo alilala usingizi wa kwanza. Eddo alisema jini limetoka kupitia mkeka.

Lakini sauti haikutoka. Alifungua mdomo, midomo inatembea, tunasikia pumzi tu. Na jioni zikaendelea kuja, jioni hazingoji mgonjwa. Aabo alisimama kwenye kichuguu akaita. Mbuzi wakamtazama. Eddo akaita, na kwa kweli eddo alitutia aibu, mbuzi walikimbia upande wa pili. Tukawa tunawafuata vichakani mmoja mmoja kwa miguu mpaka giza linatukuta. Fisi akagundua kabla yetu kwamba boma limepoteza sauti. Akachukua mbuzi mwenye madoa, yule wa maziwa mengi. Kesho yake akachukua mwingine. Nilimwona aabo akiwatazama wale mbuzi, kisha akimtazama hooyo. Hata mtoto alielewa: mifugo isiyokuja nyumbani si mifugo yako tena, na watu wasio na mifugo wanaenda kukaa kando ya barabara kungoja unga wa serikali.

Sasa sikilizeni hesabu ya mtoto. Hooyo alikuwa na sauti. Akaweka mdomo kwenye debe. Eddo akafunga mfuniko. Baada ya hapo hooyo hana sauti. Sauti iko wapi? Hata ninyi mngejibu. Iko ndani ya debe, na watu wazima wanahangaika na ubani wakati kitu kiko pale nje ya uzio kinachemka juani!

Nilienda wakati wa jua kali, kila mtu amelala. Kwanza niligonga. Nikasema, "Toka, twende nyumbani." Nikabisha tena. Kulikuwa na kijisauti ndani, tik, tik, na leo najua ni bati linalotanuka kwa joto, lakini siku hiyo nilidhani ndiyo inanijibu. Nikakaa, nikalibana debe kwa magoti, nikazungusha mfuniko kwa mikono miwili na upindo wa nguo yangu. Na kwa kuwa sauti ni kitu cha kusikia, sikuweka pua. Niliweka sikio.

Kitu kikanipiga mgongoni. Kilikuwa kiatu, ndala ya ngozi ya hooyo. Nikaanguka, debe likabiringika, mfuniko ukaruka kivyake. Nilipogeuka nilimwona anakuja. Alikuwa ameniona kutoka mlangoni, amefungua mdomo kunikataza, hakuna kilichotoka. Mama anamwona mwanawe anafungua kifo na hawezi hata kusema "wacha." Kwa hiyo alikimbia, yeye ambaye hakuwa ameweza kutembea mpaka uzioni. Alikuja akianguka na kuinuka, ule uso unaobambuka, pumzi inalia filimbi. Akanikokota mbali upande unaotoka upepo. Sikio na shingo vilikuwa vinawaka, koo linakwaruza, lakini hicho sicho kilichoniliza.

"Imekimbia!" nililia. "Hooyo, nimeifungua na imekimbia! Sikuishika!"

Akanitazama. Nikamweleza yote, debe, mfuniko, sauti. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko kisicho na mlio, kikageuka kikohozi, kikageuka tena kicheko. Kisha akatulia, akanivuta nikakaa mbele yake, akaweka vidole vyake viwili kwenye koo langu, chini kabisa, pale panapotoka mguno. Akabonyeza kidogo. Akanitazama mdomoni.

Sikuelewa. Akabonyeza tena. Nikatoa mguno. Akatikisa kichwa, akasogeza vidole juu, mguno ukapanda. Akanionyesha ulimi wake, unagonga wapi, unavunja wapi. Tukakaa pale juani, yeye akinibonyeza kama mtu anayejifunza kupiga filimbi, mimi nikilia na kuguna, mpaka mbuzi mmoja mzee aliyekuwa akitafuna kivulini akainua kichwa.

Jioni hiyo tulisimama wote wawili kwenye kichuguu. Mkono wake ulikuwa kooni mwangu. Mara ya kwanza, hakuna. Mara ya pili eddo alisema nyuma yetu, "Huyu analia kama punda," na hooyo alimrushia ile ndala nyingine. Mara ya tatu wakaja. Si wote, na si kwa haraka, walikuja wanasimamasimama kama watu walioitwa na jamaa wasiyemkumbuka vizuri. Lakini walikuja.

Bwana Mutiso aliporudi kutazama upele wa mbuzi, aliuona uso wa hooyo akavua kofia. "Nilisema zika! Mzee, si nilikwambia?" Aabo akainamisha kichwa. "Ndio," akasema. Kisha walichimba wawili shimo la kimo cha mtu, wakalizika lile debe. Mimi nilisimama ukingoni na sikio langu limefungwa kitambaa, nikaapa nitakijua hicho Kiswahili chote, si maneno matatu. Nilijifunzia njia panda, kwenye malori, nikiuza maziwa. Shule sikumaliza hata kuingia vizuri. Lakini tangu hapo hakuna mtu aliyewahi kuniambia kitu nikamjibu "ndio" kwa adabu. Nauliza mpaka anachoka.

Sauti ya hooyo ilirudi nusu baada ya mvua, mbovu, kama ngozi kavu inayoburutwa juu ya changarawe. Ilimtosha kusalimia na kugombana na eddo. Mwito hakuuita tena, na kila vumbi likipita alikohoa mpaka tulipomzika.

Basi, Hodan. Leo asubuhi kwanza nilimwita kwa jina lake. Mlango umefungwa, redio ya jirani inapiga kelele, na ule moshi ninaujua, nauona unavyotambaa chini ya mlango. "Hodan! Hodan!" Hakusikia. Magoti yangu hayakimbii tena. Nikakaa pale kwenye mkeka, mkono umejiendea wenyewe kooni, vidole viwili, chini kabisa. Na mwito ukatoka. Sikuwa nimeuita tangu nihamie mjini, nani anachunga Galbet? Ulitoka mzima, ukavunjika pale pale panapotakiwa.

Redio ya jirani ilizimwa. Hodan alitoka mbio, ndoo mkononi. Na getini mbuzi wa mtaani, wale wanaokula makatoni sokoni, wamejaa, vichwa juu, wananitazama wakingoja maagizo.

Nimemkalisha upande unaotoka upepo, nimemwosha uso na mikono kwa maji mengi, namshukuru Mungu siku hizi yapo. Alipoacha kukohoa akasema, amenuna, "Ayeeyo, umeniita kama mbuzi. Mtaa mzima umesikia."

Nikamwambia, "Si umekuja?"